UZI: Pikipiki ya zamani ya injekta inavuta na kuachia ukiwa mwendo mmoja (BMW R1100 na R1150), anzia hapa kabla hujanunua sensa

#1 Mzizima_GS

Wakuu salama. Naleta huu uzi kwa sababu hii kitu inawatesa watu wengi wenye zile BMW za silinda mbili zilizotokeza kushoto na kulia, yani R1100 zote (GS, RT, RS, R) na R1150 za mwanzo zenye plagi moja kila upande. Mtu anaenda gereji anatoka na oksijeni sensa mpya, mwezi unaofuata anabadilishiwa pampu, na pikipiki bado iko vilevile. Mimi ninayo R1100GS ya 1997 na naiendesha sana Dar Morogoro, kwahyo haya ninayoandika ni mambo ambayo nayafanya kwa mikono yangu.

Kwanza tuelewane tatizo lenyewe maana watu wanachanganya. Umeingia kijijini kwenye kibao cha 50, sema hapo Mikese, umeweka gia ya tatu, injini iko kama 2,700 hivi, resi umeishika palepale mkono hautikisiki. Pikipiki inavuta kidogo, inaachia, inavuta tena, inaachia, kichwa kinanesa mbele nyuma mbele nyuma. Ukiongeza resi inaondoka vizuri kabisa. Ukiachia inarudi sailensa (injini kunguruma yenyewe bila resi) vizuri. Shida iko pale katikati tu, resi ndogo isiyobadilika, kati ya 2,500 na 4,000. Hiyo ndo ninayoizungumzia.

Kama yako inakohoa, inapiga mis kwenye resi kubwa, au mshale wa RPM unadondoka kwenye sifuri ghafla huku pikipiki bado inatembea halafu injini inazima, hiyo ni kesi nyingine. Mshale ukidondoka hivyo kwenye R1100 angalia Hall sensa (inayosoma mzunguko wa injini) iliyoko mbele ya injini nyuma ya puli, waya zake zinapasuka ganda kwa joto na umri, na mara nyingi inaonekana injini ikiwa ya moto sana au baada ya mvua. Usihangaike na haya mengine.

Sasa kwanini inavuta na kuachia. Kontroboksi ya hizi pikipiki (kompyuta ya injini, Motronic ya Bosch) haina kifaa cha kupima hewa inayoingia. Inachojua ni resi imefunguka nyuzi ngapi, injini inazunguka kiasi gani, joto la oili na joto la hewa, basi, kutokana na hapo inakadiria petroli ya kumwaga. Na hiyo sensa ya resi iko moja tu, imefungwa kwenye throto bodi (koo la hewa lenye kipepeo kinachofunguka ukivuta resi) ya kushoto. Upande wa kulia unafuata tu kwa kebo. Nozeli zote mbili zinapewa kipimo kilekile cha petroli.

Hapo ndo penye siri yote. Kama throto ya kulia imefunguka kidogo zaidi ya kushoto, kulia inapata hewa nyingi kwa petroli ileile, mchanganyiko unakuwa mwepesi, kushoto unakuwa mzito. Oksijeni sensa nayo imekaa pale ekzosi mbili zinapokutana, inasoma moshi uliochanganyika wa pande zote, inaona wastani uko sawa, inaiambia kontroboksi mambo safi. Huku silinda moja ina njaa na nyingine imeshiba. Ongeza na ukweli kwamba kiwanda kiliiseti iende na mchanganyiko mwepesi kwa ajili ya sheria za moshi, basi kosa dogo tu la usawa unalisikia kwenye kiti. BMW wenyewe baadaye walikuja na plagi mbili kwa kila silinda kwenye R1150, kama 2003 hivi, na hizo kweli zikatulia zaidi.

Kwahyo msimamo wangu ni huu: hizi pikipiki mara nyingi sana hazina kifaa kilichokufa, zimepoteza usawa kati ya kushoto na kulia. Sawazisha kwanza, tena kwa mpangilio, maana kila hatua inaharibu iliyofuata kama umeiruka.

Tapeti (ile nafasi kati ya roka, yani mkono unaosukuma valvu, na valvu yenyewe) ndo mwanzo, hakuna mjadala. Injini iwe ya baridi kabisa, iliyolala usiku. Valvu ya kuingiza (ya nyuma, upande wa throto bodi) 0.15 mm, ya kutoa (ya mbele, upande wa ekzosi) 0.30 mm. Toa plagi zote, weka gia ya juu, zungusha tairi la nyuma taratibu huku unachungulia kwenye kitundu chenye kiziba cha mpira upande wa kulia wa injini mpaka uone alama ya OT (pistoni iko juu kabisa) kwenye flaiwili. Silinda ambayo tapeti zake zote zinachezacheza ndo ya kuanza nayo, ukimaliza zungusha injini mzunguko mmoja, OT irudi, uende upande wa pili. Kila roka inasukuma valvu mbili, kwahyo tumia fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) mbili kwa wakati mmoja, moja kwenye kila valvu, la sivyo roka inapinda kidogo na unapata kipimo cha uongo. Hili la fila mbili mafundi wengi hawalifanyi, na ukikuta silinda moja imebanwa 0.20 kwenye ekzosi na nyingine 0.30, hata uwe na sensa za dhahabu haitatulia.

Plagi na waya zake. Haraka tu: plagi mpya au safi, pande zote aina moja, gepu 0.8. Linganisha rangi. Ya kulia nyeupe na ya kushoto kahawia, tayari una jibu la nusu ya uzi huu. Angalia mipira ya waya za plagi kama imechanika, usiku kwenye giza utaona cheche.

Hewa ya wizi. Kati ya throto bodi na hedi kuna mpira, na chini ya kila throto bodi kuna kichuchu cha vakyumu kilichofunikwa na kofia ndogo ya mpira. Hizo kofia kwa jua letu zinakauka na kupasuka upande wa ndani usikoona. Injini ikiwa sailensa nyunyizia spreyi ya kusafishia kabureta kidogo kidogo kwenye maungio, injini ikibadilisha sauti umeshapata tundu. Angalizo: ekzosi ziko karibu na za moto, nyunyiza matone tu siyo kumwaga, na uwe na zimamoto au hata ndoo ya mchanga jirani.

Kebo. Resi ikiwa imefungwa kabisa kila kebo iwe na uchezaji mdogo, kama nusu milimita. Na ile lever mnayoita choki haiongezi petroli, inafungua throto kidogo tu. Kama kebo yake imekaza, throto haifungi hadi mwisho, na kila kipimo utakachochukua baada ya hapo kitakuwa cha bure.

Kusawazisha throto bodi. Hapa ndo nataka niongee kwa kirefu.

Huhitaji mashine ya bei. Nenda duka la vifaa vya ujenzi kanunue ule mpira mwembamba unaoona ndani ambao mafundi ujenzi wanautumia kupimia levo kwa maji, kama mita nane. Ufunge kwenye ubao mrefu kwa umbo la U, mimina oili ya injini ipande kama nusu mita kila upande. Usiweke maji. Oili ikivutwa kwa bahati mbaya injini itatoa moshi tu, maji yana hatari zaidi. Kila ncha ya mpira ingiza kijeti kidogo cha kabureta ya bodaboda, kile cha sailensa, viwili vya namba moja, vinatuliza yale mapigo ya injini ili oili isirukeruke. Ncha moja kwenye kichuchu cha kushoto, nyingine kulia.

Uzuri wa kifaa hiki ni kwamba oili ni moja na mpira ni mmoja, hakiwezi kukudanganya. Geji mbili za saa zinaweza zikatofautiana zenyewe kwa zenyewe na ukasawazisha kosa la geji.

Washa injini baada ya kuizungusha barabarani ipate moto kamili. Weka feni ya ndani mbele yake, hii injini inapozwa na hewa na oili, ukiiacha imesimama inaungua haraka, kwahyo fanya kwa dakika chache, zima, ipoe kidogo, endelea. Oili inapanda upande unaovuta zaidi, na upande unaovuta zaidi ndo uliofungwa zaidi. Kwenye sailensa (lenga 1,100 hivi) rekebisha kwa zile skrubu kubwa za shaba za kwenye throto bodi. Kabla ya hapo zitoe, zisafishe kaboni, angalia oringi zake. Pa kuanzia ni mzunguko mmoja na nusu kutoka zilipofunga, kila upande, halafu fungua kidogo ule ambao oili imepandia.

Sasa hapa wengi wanaishia. Oili imelingana kwenye sailensa, wanafunga, wanaenda zao. Jamani huko hakuna anayeendesha! Pandisha resi taratibu mpaka 2,500, shikilia, halafu 3,000, 3,500. Utaona oili ambayo ilikuwa sawa inaanza kupanda upande mmoja. Huo ndo ugonjwa wenyewe umeuona kwa macho. Skrubu za shaba haziwezi kuutibu, hapo unarekebisha nati ya kebo ya kulia, robo robo ya mzunguko, mpaka oili ikae sawa kwenye resi unayoendeshea. Ukimaliza rudi sailensa ukahakikishe, kisha juu tena. Kama huwezi kupata vyote viwili kwa ukamilifu, chagua usawa wa juu, sailensa ikitetemeka kidogo haitakuua.

Na zile skrubu ndogo za kusimamishia throto ambazo kiwanda kimezipaka rangi, USIZIGUSE. Fundi akianza kuzikoroga kuseti sailensa anaharibu rejea ya sensa ya resi na kurudisha ni kazi.

Mwisho ndo umeme. Sensa ya resi, pima volti za waya wa signo throto ikiwa imefungwa na swichi iko on, inatakiwa kati ya 0.37 na 0.40. Kisha fungua resi polepole sana huku unatazama mita, volti zipande bila kuruka. Mita ya mshale ni nzuri zaidi kwa kazi hii. Sehemu inayochakaa ni ileile unayoishikilia kila siku barabarani, pale mwanzo mwanzo.

Baada ya yote chomoa fyuzi namba 5, ikae kidogo, rudisha, weka swichi on bila kuwasha, fungua resi mpaka mwisho na kufunga mara mbili, zima, halafu washa. Kontroboksi inasahau marekebisho ya zamani na kusoma upya sensa ya resi.

Karibuni tujadili.

#2 mtu_wa_Kitonga

Mkuu asante sana kwa uzi, hii ndo hali yangu kabisa. Nina R1150GS ya 2001, ikiwa ya baridi asubuhi inatembea safi mno, kama dakika kumi hivi, ikipata moto tu inaanza kuvuta na kuachia hasa nikiwa nashuka nyuma ya malori. Gereji moja huku wameniambia oksijeni sensa na pampu vyote vimekufa nilete hela. Nimesita. Nianzie wapi au nifuate tu mpangilio wako wote?

#3 Mzizima_GS

mtu_wa_Kitonga kaka usitoe hela bado. Hiyo taarifa ya baridi na moto ina thamani kubwa.

Ikiwa ya baridi kontroboksi inaongeza petroli yenyewe na haimsikilizi oksijeni sensa. Ikipata moto inaacha kuongeza na inaanza kumsikiliza. Kwahyo inayotulia baridi na kusumbua moto, tatizo lake ni wepesi wa mchanganyiko kwa ujumla, au silinda moja nyepesi ambayo ile petroli ya ziada ya asubuhi ilikuwa inaificha. Inayosumbua baridi na moto vilevile mimi hukimbilia hewa ya wizi, kebo na tapeti.

Fanya jaribio la bure. Chomoa soketi ya oksijeni sensa, funga ncha kwa nailoni isiingie maji, endesha njia ileile mwendo uleule. Pikipiki haitaharibika. Ikitulia kabisa, basi kweli upande wa sensa au mchanganyiko unastahili kuchunguzwa. Ikibaki vilevile, sensa haihusiki na yule fundi alikuwa anabahatisha. Ikipungua lakini haijaisha, ndo inavyokuwa kwa wengi, una usawa mbovu na wepesi wa kiwandani vikiwa pamoja.

Ukitaka kuipima sensa yenyewe, ikiwa ya moto injini ikiendelea, volti zake zinatakiwa ziruke kati ya kama 0.1 na 0.9 mara kwa mara. Ikiganda sehemu moja au ikienda kwa uvivu mkubwa imechoka. Hizi sensa zinauliwa na vitu viwili hapa kwetu. Petroli yenye risasi, ambayo Afrika kusini mwa Sahara tuliachana nayo kufikia mwanzoni mwa 2006, kwahyo pikipiki ya miaka ya tisini iliyokuwa huku muda wote inaweza kuwa bado na sensa iliyolishwa risasi. Na silikoni za gasketi, fundi anapaka silikoni kila mahali, mvuke wake unaingia kwenye injini na kuishia kwenye sensa. Tumia iliyoandikwa ni salama kwa sensa au usitumie kabisa.

#4 nozeli_safi

Mtoa uzi umeongea vizuri sana ila upande wa petroli umeupita. Mimi kazi yangu ni kuosha nozeli za magari na huwa naletewa hizi pikipiki pia.

Pampu na filta ya R1100 na R1150 viko ndani ya tangi. Ndani humo kuna mipira mifupi inayounganisha pampu, filta na paipu za kutoka. Ikizeeka inalainika, inapasuka, petroli yenye presha inarudi tangini badala ya kwenda kwenye nozeli. Pampu inalia vizuri, mtu anaona pampu nzima, kumbe presha haipo. Presha ya R1100 inatakiwa karibu 3 ba. Ikishuka, nozeli inafunguka muda uleule lakini inamwaga kidogo, mchanganyiko mwepesi, pikipiki inavuta na kuachia na kwenye mwendo mkubwa inakosa nguvu.

Na hapa kuna kosa naliona kila mara. Mpira unaouzwa madukani wa petroli, hata ule imara wa injekta, umetengenezwa petroli ipite ndani yake, siyo uogelee kwenye petroli. Ukiuweka ndani ya tangi unavimba kwa nje na kuoza mapema. Unatakiwa mpira ulioandikwa SAE 30R10, huo ndo wa kuzama. Ni ghali na mfupi, lakini unahitaji vipande vidogo tu. Na vibana viwe vya injekta vinavyobana duara lote, siyo vile vya kukata mpira.

Nozeli zenyewe, zioshe kwa pamoja na zipimwe pamoja kwenye mashine moja kwa muda mmoja. Mimi sijali sana inamwaga kiasi gani, najali zote mbili zimwage sawa. Kwa gari la silinda nne nozeli moja ikiwa dhaifu dereva anaweza asijue, kwa hii ya silinda mbili hiyo ni nusu ya injini. Angalia na umbo la ukungu, moja ikikojoa mstari badala ya kutawanya, tupa au osha tena.

#5 Mzizima_GS

nozeli_safi umeongeza kitu kikubwa, shukrani. Wakuu hii ya mpira wa 30R10 mwiandike pembeni. Naongezea kidogo: kabla ya kufungua tangi badilisheni kituo cha mafuta. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa inawaka vibaya na inaleta dalili zinazofanana sana na hizi. Endesha tangi kamili la petroli ya kituo kingine chenye watu wengi, ndo ukate shauri.

#6 Nakuru_twin

Salamu kutoka huku Kenya. Hii thread imenisaidia sana. Niko na R1100RT. Mek wangu ameniambia kuna kakifaa kanawekwa kwa sensa ya joto la hewa, kanadanganya kompyuta ati hewa ni baridi ndio iongeze petroli. Wasee wengi wanasema kanamaliza hiyo surging kabisa. Si ni rahisi niweke hako tu niachane na hizi vipimo zote? Pia kuna mwingine aliniambia nitoe hako ka-plagi ka rangi kako kwa boksi ya fyuzi.

#7 Mzizima_GS

Nakuru_twin karibu ndugu yangu. Nikueleze vizuri maana hili linauzwa sana.

Hivyo vifaa vina mantiki, kwa sababu kweli kiwanda kiliiacha nyepesi. Lakini fikiria RT yako yenye oksijeni sensa inayofanya kazi. Ukiwa kwenye mwendo mmoja resi ndogo, ambapo ndo shida ilipo, kontroboksi inamsikiliza oksijeni sensa. Kakifaa kanaongeza petroli, sensa inaona nzito, kontroboksi inapunguza mpaka pale pale pa mwanzo. Unapata nafuu wakati wa kuongeza resi na injini ikiwa ya baridi, lakini pale kwenye 3,000 ya kusafiria faida inayeyuka polepole kadri kontroboksi inavyojirekebisha. Ndo maana mtu anasema wiki ya kwanza ilikuwa tamu halafu ikarudi. Kifaa cha maana zaidi ni kile kinachokaa upande wa oksijeni sensa na kusogeza kipimo chenyewe kuelekea uzito kidogo.

Hako kaplagi ka rangi ndo kanaiambia kontroboksi itumie ramani ipi. Ukikatoa inadhani pikipiki haina katalitiki (kisafisha moshi kwenye ekzosi), inaacha kufuata oksijeni sensa. Wapo wanaofurahia sana. Ila pikipiki zilizotengenezwa bila katalitiki zilikuja na kitufe cha kurekebishia uzito wa mchanganyiko wa sailensa, yako haina, kwahyo unabaki na kipimo ambacho huwezi kukigusa. Petroli inaliwa zaidi na katalitiki kama bado ipo inaweza kuumia kwa petroli isiyoungua.

Na vyote hivi, cha sensa ya hewa, cha oksijeni, kutoa kaplagi, vinaongeza petroli pande zote mbili sawasawa. Kama kulia kuna njaa na kushoto kumeshiba, unamlisha na aliyeshiba. Fanya tapeti na usawa kwanza, halafu ukitaka kuongeza kifaa utajua kimefanya nini hasa.

#8 XT_Mwanza

Wakuu na sisi wa silinda moja? Nina Yamaha XT660R, inanesanesa hivihivi nikiwa mjini resi ndogo. Hatuna cha kusawazisha kushoto na kulia.

#9 Mzizima_GS

XT_Mwanza kweli mkuu, kwako usawa haupo lakini mengine yote yapo: tapeti, hewa ya wizi kwenye mpira wa throto, plagi, presha ya petroli, sensa ya resi. Na hizo XT660 nazo zilitoka kiwandani nyepesi. Uzuri wake dashibodi yake ina menyu iliyofichwa ya kurekebisha CO (uzito wa mchanganyiko), unaingia kwa kubonyeza vitufe huku unawasha swichi, unapandisha kidogo kidogo. Andika namba uliyoikuta kabla hujabadilisha. Angalia na ulegevu wa cheni, cheni iliyolegea inafanya kunesa kidogo kuonekane kukubwa sana.

#10 mtu_wa_Kitonga

Narudi na mrejesho wakuu. Nilichomoa oksijeni sensa, ikapungua lakini haikuisha. Nikaingia kwenye tapeti na jamaa yangu mwenye fila geji. Kushoto zote zilikuwa sawa, kulia ekzosi zimebana, fila ya 0.30 haiingii kabisa, ya 0.20 inaingia kwa kusukuma. Tukaseti. Halafu kofia ya mpira ya kichuchu cha kulia, ukiiangalia nzima, nikaivuta nikaipinda ikafunguka ufa mrefu kwa ndani. Nikaweka mpya zote mbili. Nikatengeneza ule mpira wa levo na oili, sailensa ilikuwa karibu sawa, kwenye 3,000 oili ikapanda kushoto kama shubiri mbili! Nikarekebisha kebo ya kulia ikashuka.

Sensa nimeirudisha. Pikipiki imebadilika sana sana, nimeshuka Kitonga nyuma ya lori gia ya pili haineseki. Imebaki kidogo tu, karibu na 3,000 gia ya nne, lazima uisikilize ndo uijue. Volti za sensa ya resi nimepata 0.35. Na oili ya injini fundi alikuwa anajaza mpaka kioo kinafunikwa chote, kuna shida?

#11 Mzizima_GS

Safi sana mkuu, na asante kwa kurudi na vipimo maana vitawasaidia wengine.

Ekzosi iliyobana upande mmoja ingekusumbua hata ungenunua pikipiki nzima ya sensa. Na sikia, tapeti ya ekzosi iliyobana isikupite hivihivi, valvu isiyokaa vizuri kwenye kiti chake inaungua. Pima tena baada ya kilomita elfu moja, ikiwa imebana tena upande uleule piga kompresheni.

Kuhusu oili, ndiyo kuna shida. Lenga katikati ya kioo, pikipiki ikiwa imesimama wima kwenye stendi kubwa na injini imezimwa muda wa kutosha oili ishuke. Ikijaa sana inapulizwa kwenye boksi la filta ya hewa, inalowesha filta na kutelezea mpaka kwenye throto bodi, na haichafui pande zote sawa. Fungua boksi la filta uone kama kuna dimbwi, futa, halafu safisha throto bodi kwa kitambaa na spreyi, hasa ule ukingo ambao kipepeo kinafungia. Ukishasafisha lazima urudie kusawazisha, maana ule uchafu ulikuwa sehemu ya kipimo chako.

0.35 iko chini kidogo. Fanya hivi: legeza skrubu mbili za sensa ya resi nusu tu, izungushe nywele moja huku unatazama mita mpaka 0.38, kaza, halafu fungua na funga resi mara kadhaa uone inarudi palepale. Kisha fyuzi namba 5 kama nilivyoeleza juu. Endesha angalau tangi moja kabla hujatoa hukumu, kontroboksi inahitaji muda wa kujirekebisha.

Kama baada ya hapo ile ya 3,000 gia ya nne bado ipo, shusha gia, iendeshe gia ya tatu kwenye 3,500. Hii injini haipendi gia kubwa na resi ndogo kwa pamoja. Ikikusumbua hata hapo basi fungua tangi, angalia mipira na filta, na mpelekee nozeli_safi nozeli zote mbili azipime.

Wengine mkija kuuliza wekeni vitu hivi kwenye posti yenu tusirudie maswali: modeli na mwaka, inasumbua baridi au moto au kote, RPM na gia inaposumbua, vipimo vya tapeti zote pande zote mbili kabla ya kurekebisha, volti za sensa ya resi, na oili kwenye mpira ilipanda upande gani kwenye 3,000.